Samadi ya Mbuzi Walioshiba

Mwenye mbuzi akianza kueleza mbuzi wake amekula nini, Shemasi alitazama pembeni, kama mtu anayengoja kwaya ya parokia nyingine imalize wimbo. Kisha aliinama, akaokota punje moja ya mavi, akaivunja kwa kidole gumba na kuisogeza puani. Alinieleza mapema, nilipokuwa mteja wake mpya na nikimwona kichaa kidogo: "Mimi hapana uliza mwenye mbuzi. Mwenye mbuzi anaongopa ju ya haya ao ju ya majivuno. Mavi hapana ongopa."

Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani, sikuuliza, na hata leo sioni ingenisaidia kitu. Alikuwa shemasi wa kanisa la Kiprotestanti lililo juu ya bonde letu, Butembo, upande wa uwanja wa ndege wa Rughenda, na sisi Wakatoliki tulimwita Shemasi vilevile. Kazi yake ya siku za juma ilikuwa kukusanya samadi nyumba kwa nyumba, kuilaza kwa marundo nyuma ya nyumba yake, na kutuuzia sisi wanawake tuliolima kabichi na puaro, ile mboga ndefu ya jamii ya vitunguu, bondeni. Lakini simwandiki kwa ajili ya mboga zangu. Namwandika kwa sababu miaka ya vita aliamini samadi kuliko alivyoamini watu, na juu ya imani hiyo akauweka uhai wa binti yake wa pekee, Masika.

Wauzaji wengine waliyatenga marundo yao kwa mnyama: hapa ng'ombe, pale kuku, kule nguruwe. Shemasi aliwacheka mpaka mabega yakatikisika. Yeye alitenga kwa chakula. Ng'ombe aliyekula nyasi kavu za mlimani wakati wa kiangazi, samadi yake alimpa bure anayetaka, akisema hayo ni majani yaliyotembea tu. Mbuzi aliyefungwa nyumbani akila majani ya viazi vitamu, majani ya maharagwe na maganda ya jikoni, samadi yake ililazwa rundo moja na ya kobaye, vile vinyama vidogo visivyo na mkia tunavyofuga jikoni, kama kobaye wamekula hayohayo. "Munyama ni barabara tu," alisema. "Angalia kile kinapita."

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakupenda kufundishwa kazi ya shamba na mwanamume. Alikuwa na rafiki, muuza samaki, ambaye kuku wake walishinda wakila vichwa na matumbo ya samaki wa ziwani, wa Kyavinyonge. Akaomba gunia la samadi ya kuku hao kimyakimya, akaimwaga mbichi kwenye miche ya kabichi. Baada ya siku chache majani yalikauka pembeni, kisha miche ikalala chini. Mama mkwe akasema amelogwa, na akamtaja na mlozi: jirani aliyegombana naye juu ya mfereji wa maji. Jambo likakaribia kuwa baya. Shemasi aliitwa ili aombe. Alichuchumaa, akapekua udongo, akainuka na gamba moja la samaki kwenye ncha ya kidole. "Mulozi wako ni huyu," akasema. Akamwonyesha namna ya kuichanganya samadi ile na nyasi kavu na kuiacha mpaka imalize moto wake, kwa sababu kuku anayekula samaki anatoa kitu kikali kinachochoma mizizi michanga. Msimu uliofuata samadi hiyohiyo ilizaa kabichi ambazo mtu mmoja hakuweza kuzikumbatia mbili. Jirani hakuombwa msamaha. Mama mkwe alisimulia mpaka kufa kwake kwamba maombi ya Waprotestanti yana nguvu.

Alikuwa msafi kupita kiasi. Alinawa kwa ndimu, kucha zake zilikuwa nyeupe kuliko za mwalimu, na Jumapili shati lake lilimulika mpaka kwetu ng'ambo ya bonde. Hakumpa mtu mkono kabla ya kunawa, hata chifu. Kanisani, walisema, alikuwa mfupi wa maneno, akisoma tangazo lake na kuketi. Mbele ya rundo la samadi angeweza kuongea mpaka mvua ije, na ikija angeongea chini ya mvua. Mkono wake ulikuwa wazi kwa wajane, lakini moyo wake haukupenda kusahihishwa. Siku moja nilimwonyesha maganda ya kahawa ndani ya samadi aliyokwisha kusema ni ya mbuzi wa Rughenda, ambako hakuna kahawa. Alinishukuru kwa sauti ya chini, kisha hakunisalimia mpaka Pasaka.

Sifa yake ilitoka kwenye hukumu ya mbuzi. Wanawake wawili walimdai mbuzi mmoja, wote wawili wakilia, wote wawili wakiwa na mashahidi, na chifu wa mtaa alichoka kusikiliza. Shemasi akashauri mbuzi afungwe nyumbani kwa chifu, apewe maji tu. Asubuhi akavunja mavi yake mbele ya watu wote, na ndani yake mlikuwa na maganda ya mtama. Mmoja wa wale wanawake alipika kasiksi, pombe yetu ya ndizi na mtama, na alimwaga machicha nyuma ya nyumba kila alipochuja. Mwenzake hakuwa na mtama hata wa dawa. Kesi ikaisha hapo.

Watu walicheka siku ile, lakini baadaye nikaona jambo. Wanawake walianza kufagia nyua zao kabla Shemasi hajapita. Walikuwa wametambua kwamba mtu huyu anaweza kusimama mlangoni, kutazama chini, na kujua nani anawapa mbuzi maharagwe huku akilia njaa kanisani, na nani anapika maganda ambayo zamani aliwatupia wanyama. Hakusema kamwe aliyoyaona. Ndiyo maana watu walimwogopa, nadhani. Mimi pia nilifagia.

Masika alikuwa mkubwa kidogo kwangu, mrefu, mwenye kicheko kilichomtangulia njiani. Aliolewa mbali, katika kijiji cha msituni kaskazini ya Beni, ukiiacha barabara ya Eringeti na kushika njia ya miguu. Siku alipoondoka, mama yake alimfungia kwenye pindo la kitenge mbegu za lenga-lenga, mchicha wetu, kama mama wa kwetu wanavyowafanyia binti zao, ili bustani ya kwanza ugenini iote mboga ya nyumbani. Lenga-lenga yao haikuwa ya sokoni. Mishipa ya majani ilikuwa myekundu kama imechorwa, na shina lake jekundu lilipaka sufuria rangi. Mama yule alikuwa ameipata kwa mama yake na hakumgawia mtu; mimi nilimwomba mara nyingi na mara nyingi alinijibu kwa adabu kwamba msimu huu haikuzaa. Alipokufa, bustani yake iliyo nyuma ya nyumba iliporomoka na mvua, na mbegu ikabaki kwa Masika peke yake.

Kisha vita ikaja, ikaondoka, ikarudi, kwa maana kwetu vita ilizoea kurudi. Ndege zilitua Rughenda na kushusha askari wa lugha ambazo hatukuzijua, na zilipoondoka hazikuondoka tupu. Ng'ombe wa milimani walipotea kwanza, wakafuata nguruwe, wakafuata mbuzi. Kobaye walibaki, kwa sababu kobaye unamficha chini ya kitanda na hana sauti ya kufika barabarani. Marundo ya Shemasi yalipungua mpaka yakawa vichuguu. Kidogo alichokipata kilitoka kwa wanyama waliolishwa gizani maganda makavu ya ndizi, na kilikuwa chepesi mkononi, hakina harufu. Alikiita fumier ya woga, samadi ya woga. Tulikitia shambani, na puaro zetu zikawa nyembamba na za manjano.

Njia ya kwenda kwa Masika ikafungwa. Waliotoka upande ule walisema maneno ya kukatakata, kisha hata wao wakaacha kutoka. Shemasi aliuliza kila dereva, kila mchuuzi, kila mgonjwa aliyeletwa kwa machela. Huyu mtu ambaye hakupenda kuuliza alikuwa sasa anauliza kutwa nzima, na hakupata jibu hata moja la kushika.

Dereva mmoja wa lori la mbao ndiye aliyemwambia juu ya mbuzi wa Beni. Alisema katika komini ya Ruwenzori, mtaa wa mji wa Beni, kuna zizi kubwa, askari waliorudi kutoka msituni wamejaza mbuzi humo na wanawauza mmoja mmoja, na samadi imefika magotini, wala hakuna anayeitaka. Shemasi akakunja magunia yake, akapanda lori.

Aliporudi alikuja moja kwa moja shambani kwangu. Ilikuwa mchana, jua kali, wanawake wengine wakipalilia na kuimba hatua chache kutoka kwetu. Aliniambia mbuzi wale walikuwa wanene mno. Hawakulia. Zizi zima, kimya, wanatafuna tu na kutazama watu. Akajaribu kitu. Wanawake wa msituni huwaita mbuzi jioni kwa kugonga sufuria na kupigisha ulimi kwa namna yao. Alikuwa amemsikia Masika akifanya hivyo alipomtembelea. Akagonga ndoo yake, akapigisha ulimi.

"Zote zilinyanyua kichwa," akasema. "Zote, Mama Kavira. Ziliniangalia sawa batu benye kusikia jina yao."

Akafungua gunia. Nimelima tangu utoto, na sijawahi kuona samadi kama ile. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye mng'ao, imeshikana kama ugali. Mbuzi wa msituni anakula majani ya miti na magome ya matawi, na mavi yake ni makavu, ya nyuzinyuzi. Shemasi alivunja punje baada ya punje kwenye kiganja chake, na hamkuwa na jani la mti hata moja. Mlikuwa na maganda ya maharagwe, pumba za mpunga, vipande vya karanga. Mbuzi hao walikuwa wamekula mashamba ya watu, siku nyingi, bila haraka.

"Mbuzi moja inaingia mu maharagi, inapigwa jiwe, inatoka," akasema. "Lakini mbuzi yote? Na inashiba? Mbuzi ikishiba maharagi, mwenye shamba hayiko."

Nilishika jembe langu na kutazama gunia.

Hakutaka kuiuza samadi ile. Aliwagawia wanawake wote wa bonde, na kabla ya kuigawa aliomba, kwa sala ndefu ambayo sisi Wakatoliki tuliimaliza kwa ishara ya msalaba ili tuwe na hakika. Wawili waliikataa. Mimi niliichukua, maana watoto wangu walikuwa na shingo nyembamba. Na puaro zikaota. Ziliota haraka kwa namna iliyoniogopesha, nene kama kiwiko, za kijani inayokaribia weusi, na upepo ukipita zilitoa sauti nzito ambayo mboga hazitoi. Wachuuzi walizisifu. Jioni ya kwanza nilipozipika, nilikaa mbele ya sahani na kuwaza ni jasho la nani hili, limepita mbuzi, limepita udongo, limenifikia. Kisha watoto waliomba nyongeza, na mimi nikala.

Mvua zilipokolea, kati ya mistari ya puaro kukaota magugu, na kati ya magugu kukaota miche midogo yenye mishipa myekundu. Niliitambua mara moja: ilikuwa lenga-lenga ya Masika. Niliweka jembe chini. Sikuing'oa. Nilimtuma jirani amwite Shemasi, na alipokuja nilimwonyesha kwa kidole tu.

Alikaa chini, kwenye matope, na suruali yake ya kanisani. Aligusa mche mmoja, akagusa mwingine. Nilikaa karibu naye nikangoja alie, nikiwa nimejiandaa kulia naye. Hakulia. Macho yake yalianza kwenda huku na huku, kama alivyofanya siku ya hukumu ya mbuzi.

"Mama Kavira," akasema, "wewe ni mwanamuke. Unachumaka lenga-lenga mara ngapi?"

Nikamjibu kila ikichipua. Unachuma ncha, inatoa matawi, unachuma tena. Haipati nafasi ya kuzaa mbegu, isipokuwa mashina mawili matatu unayoyaacha pembeni kwa ajili ya mbegu.

"Donc, basi," akasema. "Hii mbuzi ilikula mbegu, na mbegu mingi, yenye kukomaa. Njo kusema bustani yote ilikaa bila kuchumwa. Miezi. Mbuzi ilifika nyuma. Askari balifika nyuma ya mbuzi. Masika hakungoja askari. Alitoka mbele yao, na watu yake. Iko mahali, muzima."

Nilimwamini. Nasema wazi kwamba nilimwamini kwa moyo wote, kwa sababu hoja yake ilikaa sawa, na kwa sababu nilitaka. Tulirudi njiani tukiongea kwa sauti ya juu, karibu kwa furaha. Alihamisha miche yote kwa udongo wake na kuipanda mbele ya mlango wake.

Kaka mkubwa wa Shemasi alikuja kutoka Lubero na wazee wa ukoo. Walisema muda umepita, watu wakae kilio. Hata kama mwili haupo, watu hukaa, hunyoa nywele, hulia na kula pamoja, ili aliyekwenda apate njia na waliobaki wapate usingizi. Mtu asiyeliliwa, walisema, hazunguki kwingine bali nyumbani kwao. Shemasi aliwakaribisha, akawapa chakula, akakataa. Pasta wake alikuja pia. Akakataa. Akaja mwanamume aliyetembea kwa miguu kutoka kijiji kile chenyewe, mguu wake mmoja ukiwa mbaya, akatusimulia kwa sauti ndogo kwamba upande wa nyumba ya Masika hakutoka mtu. Hakuona kwa macho yake, alikubali hilo, lakini alisikia. Shemasi alimsikiliza huku akitazama pembeni. Alimpa shati na ugali, na alipoondoka akaniambia kwamba mtu yule anaongopa kwa woga, siyo kwa ubaya.

Ndipo miaka ile ya ajabu ilipoanza. Shemasi alimtaja binti yake kama mtu aliye safarini. Masika hapendi baridi, alisema, atakuwa ameshuka ziwani. Masika atakuwa na watoto wakubwa sasa. Nyuma ya nyumba alilaza rundo moja jipya, la samadi bora kuliko zote, akalifunika kwa majani ya migomba, na hakuuza hata konzi yake. Lilikuwa la Masika, aanzie bustani akirudi. Asubuhi za Butembo ni za baridi, na rundo lile lilitoa moshi mweupe uliopanda na kushuka, na watoto wa mtaa wakasema linapumua. Najua ni joto la samadi. Nimeona marundo mengi yakitoa moshi. Lakini hilo sikulipita karibu, na wanawake wenzangu walikata njia nyingine ya kwenda kisimani.

Aliingiza mkono ndani yake kila asubuhi, mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho. "Bado iko moto," alisema, kwa mtu aliyekuwa karibu au bila mtu, na hatukujua anasema juu ya nini. Rundo lilipoa na kushuka, kama marundo yote, naye akaongeza. Likashuka, akaongeza. Kanisani walimwomba apumzike ushemasi kwa muda. Alirudisha funguo za kanisa bila kugombana, na sisi tukaendelea kumwita Shemasi.

Nilimpenda, na nilichoka naye. Nilitaka kumwambia kwamba mtu akingoja hivyo anawafungia wengine mlango wa huzuni. Kaka yake alikufa bila kumlilia Masika, na ndiye aliyemlea binti huyo mgongoni. Lakini ningesema nini, mimi niliyekuwa wa kwanza kuamini?

Askari wa nje walipoondoka na njia ya msituni ikafunguka, alikuwa amezeeka ghafla. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Alikuja kwangu na fimbo, akaniomba nimsindikize mpaka kijijini. "Minahitaji jicho ya mwanamuke," akasema. "Unionyeshe bustani yake. Nikiona tu vile aliiacha, nitajua alipita wapi." Mume wangu hakupenda, lakini aliona uso wa mzee akakubali. Tulifika Beni, tukalala kwa dada yangu, Ruwenzori, na asubuhi tukapata nafasi kwenye gari dogo lililokwenda kutafuta mbao. Dereva alitushusha pale ilipoanzia zamani njia ya miguu, akasema atapiga honi akiwa tayari kurudi.

Njia ya miguu haikuwepo tena. Kulikuwa na vijia vyembamba vya mbuzi, vingi, vilivyokanyagwa vizuri, na tulivifuata. Nyumba nyingi zilikuwa bado zimesimama. Vijia vile viliingia kwenye milango yake na kutokea kwenye milango ya nyuma, kama desturi ya wenyeji. Hapakuwa na sauti yoyote. Mlango mmoja ulisukumwa kutoka ndani, nikashika mkono wa Shemasi, na mbuzi jike akatoka, akasimama kizingitini, akatutazama kama mwenye nyumba anayengoja mgeni aseme shida yake. Nyuma yake, juu ya kitanda cha miti, wengine walikuwa wamelala. Askari hawakuwamaliza, na waliobaki walikuwa wamezaana.

Nilichungulia chumba cha shule. Samadi ilikuwa imefika kwenye ubao. Nitasema ukweli: kabla ya kuogopa, kabla ya kuwakumbuka watoto waliosomea pale, nilikadiria ingetosha bonde letu zima kwa misimu mingapi. Niliondoka mlangoni upesi.

"Iko wapi?" Shemasi akaniuliza. "Bustani. Unaiona?"

Niliiona. Nilikuwa nimeiona tangu tulipoingia na sikujua nitaisemaje. Lenga-lenga yenye mishipa myekundu ilikuwa imesimama kila mahali. Iliota mbele ya milango, kwenye mafiga, ndani ya nyumba zisizo na paa, uani kwa chifu, kando ya kisima, kwenye mashamba ya wanawake ambao Masika hakuwajua hata majina. Ilikuwa ndefu kunizidi, na vichwa vyake vilikuwa vimeinama kwa uzito wa mbegu. Kijiji chote kilikuwa chekundu kwa chini.

"Shemasi," nikasema, "hakuna bustani. Iko pahali pote."

Alinyoosha mkono akakamata shina, akapita kwenye la pili, na la tatu, akitembea polepole mpaka alipofika ukuta wa nyumba nyingine. Akainama, akaokota mavi, akayavunja kwenye kiganja na kuyaleta karibu na jicho lake zima. Mbegu nyeusi ndogondogo ziling'aa humo. Alizigeuza kwa kidole gumba, moja moja. Mimi bado sikuwa nimeelewa.

"Mbuzi njo zilipanda," akasema. "Zinakula, zinaangusha, inaota, zinakula tena. Misimu na misimu. Ile mbegu ya Beni, hakuna mutu anaweza kujua ni ya bustani ya Masika ao ni ya mbuzi. Hakuna mutu anaweza kujua ilikomaa mbele ya askari ao nyuma ya askari." Akapangusa kiganja kwenye suruali, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Haikusema alitoka mapema. Ilisema tu hakuna mutu. Mimi nilisoma mubaya."

Nilimwambia kwamba basi hatujui, kwamba bado inawezekana. Alitikisa kichwa. Yule mwenye mguu mbaya alimwambia kweli, akasema, naye akampa shati ili anyamaze.

Kisha akaanza kuchuma. Alikata ncha za lenga-lenga kwa kucha zake, moja moja, kama wanawake wanavyofanya, akaziweka chini kwa mafungu. Sikumuuliza. Nilichuma naye. Mbuzi walitoka majumbani na kutuzunguka kwa mbali, kimya, wakatutazama tukifanya kazi ambayo huenda hawakuwahi kuona mtu akiifanya. Tulichuma sehemu ndogo sana, labda upana wa chumba kimoja, mpaka honi ikalia. Tuliyaacha mafungu palepale, na hatukuchukua hata konzi ya samadi.

Tulirudi Beni. Kwa dada yangu aliomba maji na wembe, akaketi uani kwenye kiti kidogo, akavua kofia. Hakuwa na ndugu yeyote karibu, kwa hiyo nilimnyoa mimi. Alikuwa ametandika kitambaa mabegani na alikishika kwa mikono miwili ili unywele usianguke. Nilipomaliza, alikikunja kitambaa chote, nywele zikiwa ndani, akashika fimbo yake, akazunguka uani mpaka nyuma, penye kona kati ya ukuta wa mawe na ukuta wa jirani, pembamba kiasi kwamba ilimbidi aingie kwa ubavu. Akachimba kwa mikono, akaweka, akafukia, akapanga mawe juu.

Nilimuuliza kwa nini asizike pale penye udongo laini, karibu na mgomba.

"Hapa mbuzi hapana fika," akasema, na ndipo akalia.